Kuruta wa Keya: kabla ya Bama kulikuwa na kambi

Siku hizi ukitoka Geita kwenda Mwanza husubiri kivuko. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilometa 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na gari linavuka kwa dakika chache. Miezi miwili baadaye ilitimia miaka 80 tangu Japani isalimu amri na Vita ya Pili ya Dunia kumalizika. Huku kwetu tarehe hiyo ilipita kimya, watu wakiwa bado wanapiga picha darajani.

Utasema mambo hayo mawili hayahusiani. Yanahusiana. Maji yale ya Ghuba ya Mwanza ndiyo yaliyokuwa kizingiti cha kwanza cha kijana wa Uzinza aliyechukuliwa kwenda jeshini. Alivushwa kwa chombo hadi ng'ambo, akapanda garimoshi la reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, akapita Shinyanga usiku, akashushwa Tabora au akaendelea mbele zaidi. Kwa wengine garimoshi lile lilikuwa mwanzo wa safari iliyoishia Bama, nchi ambayo vitabu vinaiita Burma na wazee waliotoka huko hawakuiita hivyo hata siku moja.

Jeshi lenyewe lilikuwa King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Jina hilo lilikuwa refu mno kwa ulimi wa mtu mwenye shughuli, basi herufi zake tatu zikasomwa "Keya" na ikatosha. Katika vita ile Watanganyika wapatao 87,000 walitumikia majeshi ya Mwingereza, wengine wakibeba bunduki, wengine wakichimba barabara, kuendesha malori au kuuguza majeruhi. Jimbo la Ziwa, ambalo Geita ilikuwa ndani yake, lilitoa watu wengi. Kijana wa wakati ule hakukosa mahali pa kupeleka nguvu zake: mgodi wa dhahabu wa Geita ulikuwa ukifanya kazi, mashamba ya mkonge yaliita vibarua, na mwaka 1940 Williamson aligundua almasi Mwadui. Wapo waliojipeleka wenyewe jeshini kwa ajili ya mshahara na sare. Wapo pia waliotajwa na mtemi kwa sababu bwana shauri alitaka idadi fulani, na idadi lazima itimie.

Vita vyenyewe vimeandikwa sana. Uhabeshi 1941, Madagaska 1942, Bama 1944. Ninachotaka kusimulia ni miezi ile iliyotangulia, ambayo haina mnara: miezi ya kuruta kambini. Nimeitoa zaidi katika vitabu viwili. Kimoja ni cha mwanahistoria Mmarekani Timothy Parsons, *The African Rank-and-File*, cha mwaka 1999. Kingine ni kumbukumbu za Waruhiu Itote wa Kenya, aliyepigana Bama kabla ya kuingia msituni na kuitwa Jenerali China. Parsons anajali sana tumbo la askari, na nakiri kwamba ameniambukiza.

Maana tumbo ndilo lililotangulia. Kijana wa Usukuma wa miaka ile alikua kwa ugali wa mtama na uwele, akila kulingana na mavuno. Kambini alikuta posho inayopimwa kwa mizani: unga wa mahindi, maharage, nyama, karanga, mafuta, chumvi, sukari. Madaktari wa jeshi waliipanga posho hiyo kwa makusudi, kwa sababu vijana wengi waliofika kupimwa walikuwa wembamba mno na wengine walirudishwa makwao. Waliobaki walinenepa ndani ya miezi michache. Mla ndizi wa Buganda au Bukoba aliununia ugali ule wa mahindi kila siku, lakini akaula. Sehemu hii ya historia inanisikitisha kidogo: serikali iliyotawala nchi kwa miaka zaidi ya 20 iligundua kwamba vijana wake wana njaa siku ilipohitaji mabega yao.

Baada ya tumbo zikaja nyayo. Askari wa Keya wa kabla ya vita alipiga kwata bila viatu. Alivaa tarbushi, kaptura ya kaki na patisi miguuni, na chini ya patisi ni ngozi aliyozaliwa nayo. Vita ilipopanuka ndipo mabuti yalipogawiwa kwa wingi, na kuruta ambaye tangu kuzaliwa alikuwa hajavaa kiatu alilazimika kujifunza upya kutembea. Jaribu kumfikiria mtu aliyeswaga ng'ombe maili nyingi pekupeku, leo anachechemea uwanjani kwa malengelenge, sajini anamfokea kwamba hajui kwenda.

Halafu ulimi. Wengi wa vijana hawa hawakuwa na Kiswahili cha kutosha. Walikuwa na Kisukuma chao, Kizinza, Kijita, Kikamba, Kiacholi. Kambi iliwachanganya wote na kuwapa lugha moja, Kiswahili kile cha amri ambacho waungwana wa pwani walikicheka, kisicho na habari na ngeli, lakini kikimtoa mtu kwenye risasi kwa neno moja. Ofisa Mzungu naye alilazimika kukisoma. Jioni, baada ya kusafisha bunduki, palikuwa na darasa. Jeshi liliunda kikosi cha elimu, walimu wake Waafrika, na kuruta aliyeingia hajui herufi aliweza kutoka akiandika barua kwa mama yake, ingawa mama alilazimika kumtafuta katekista amsomee. Askari waliokuwa Ceylon na Bama walikuwa hata na gazeti lao la Kiswahili, *Heshima*.

Neno hilo, heshima, lina utani wake. Jeshi la Uingereza lilifuta adhabu ya viboko kwa askari wake mwaka 1881. Kwa askari Mwafrika kiboko kiliendelea kulia hadi 1946, yaani vita nzima. Mtu alifundishwa kusoma gazeti la *Heshima* asubuhi na akaweza kulazwa chini mchana. Na hata angekuwa hodari vipi, ngazi yake ilikoma kwenye usajini meja. Juu ya hapo kulikuwa na Wazungu tu, wengine wakiwa na umri wa wanawe.

Vifaru hawakufundishwa. Keya ilikuwa jeshi la miguu, na kifaru wengi walikiona kwa mara ya kwanza kikiwa cha adui. Mei 19, 1941, huko Colito, Uhabeshi, kikosi cha 1/6, ambacho kilikuwa cha Tanganyika, kilivuka mto na kujikuta vifaru vya Waitaliano vinatokea nyuma yake. Sajini mmoja Mzungu wa kikosi hicho, Nigel Leakey, alikidandia kimoja, akawapiga risasi waliokuwa ndani, akafuata kingine na kuuawa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Jina Colito likaja kubandikwa kwenye kambi ya Dar es Salaam ambayo leo ni Lugalo, na Kalewa, mji wa Bama uliotekwa Desemba 1944, ukaipa jina kambi ya Tabora. Ndizo kambi mbili zilizoasi Januari 1964, na hadithi hiyo kila mtu anaijua.

Kabla ya Bama palikuwa na Ceylon. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama, ilipelekwa huko mwaka 1943 kujifunza vita vya msituni: kutembea usiku bila kuvunja kijiti, kulala kwenye tope, kukaa wiki na mvua. Mtu wa nyanda za Shinyanga, ambako mti mmoja unaonekana tangu asubuhi hadi jioni, alifundishwa kuishi mahali ambapo haoni hatua kumi mbele yake. Wengine hawakufika hata huko. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu 1,297, wengi wao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Mafunzo yote yale, posho yote ile, vikazama kwa dakika chache.

Itote anasimulia kwamba akiwa Bama alikutana na askari Mwingereza aliyemwambia kuwa haelewi Waafrika wanapigania nini. Yeye anapigania nchi yake, wao je? Itote hakuwa na jibu, na swali hilo lilirudi naye nyumbani.

Sasa nifike kwenye ugomvi ulionifanya nianze kusoma mambo haya. Oktoba 29, 2024, Jenerali David Musuguri alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 104. Alikuwa mtu wa Butiama, wa Kanda ya Ziwa kama sisi. Alijiunga na Keya mwaka 1942 na kupelekwa Madagaska. Kufikia 1947 alikuwa sajini na mkufunzi katika kambi ya Kahawa, Kenya, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwamo kijana mmoja mrefu kutoka Uganda, mwenye mabega mapana na masomo machache. Jina lake Idi Amin.

Amin alipokuwa rais alipenda sana kusema kwamba alipigana Bama. Wageni waliambiwa, magazeti yaliandika, na picha zake za sare zilizojaa nishani tangu kifuani hadi karibu na kiuno zilionekana kama ushahidi. Tatizo ni tarehe. Amin aliandikishwa mwaka 1946, Japani ikiwa imeshasalimu amri tangu Agosti ya mwaka uliotangulia. Na hakuanza na bunduki. Alianza jikoni, msaidizi wa mpishi, akipeleka posho ileile niliyoitaja juu. Mwaka uliofuata ndipo alipohamishiwa Kenya kwenye kikosi cha miguu.

Simcheki kwa upishi. Bila mpishi hakuna jeshi, muulize yeyote aliyepita JKT. Ninachokikataa ni kuchukua kifo cha watu wengine na kukivaa kama joho. Wapo vijana wa kwetu waliokufa katika bonde la Kabaw kwa malaria na risasi, na mtu aliyekuwa bado hajavaa sare siku zile alijitengenezea nishani akaiita VC, herufi zilezile za Msalaba wa Victoria, ila kwake zikisomeka vingine. Musuguri, aliyekuwa na haki ya kusimulia, alisimulia kwa kiasi.

Oktoba 1978 kuruta wa Kahawa alivamia Kagera. Mkufunzi wake, sasa akiwa jenerali, akawa kamanda wa Divisheni ya 20 iliyomfukuza, na Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Baldwin Mzirai aliandika habari za vita hivyo katika *Kuzama kwa Idi Amin*, kitabu kilichotoka 1980 na ambacho leo kukipata dukani ni bahati.

Mafunzo ya safari hii yalikuwa ya haraka. Baada ya Mwalimu kutangaza kwamba sababu, nia na uwezo tunavyo, jeshi lililokuwa na watu wasiozidi 40,000 liliongezwa kwa wiki chache likapita 100,000, mgambo wakiwa sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Mwanza ikajaa malori na askari. Waliorudi walipokewa kwa ngoma, na waliofia vitani wanakumbukwa Kaboya, Muleba. Baada ya hapo jeshi likarudi kambini na Geita ikarudi kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, mkoa ukazaliwa 2012, na habari za Keya zikabaki kwa wajukuu wasioulizwa.

Dar es Salaam ina sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927 kwa ajili ya vita iliyotangulia. Hiyo ni ya shaba na iko mbali. Sidai mnara Geita. Fedha za mnara zina wenyewe. Nadai kitu kidogo zaidi, na ninakidai kwako msomaji.

Ukifungua sanduku la babu ukakuta nyota ya pembe 6, rangi yake kama dhahabu iliyochoka, yenye utepe wa mstari mpana mwekundu katikati, bluu iliyokoza pande zote mbili na ya machungwa katikati ya bluu hiyo, ujue hiyo ndiyo nishani ya Bama. Usiipeleke kwa sonara. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na bei yake haifiki nauli ya kwenda Mwanza. Pia haina jina la mtu. Waingereza walizitoa hivyo, tupu. Kwa hiyo chukua karatasi leo, andika jina la aliyekuwa nayo, kijiji chake na mwaka aliovuka Busisi kama unaufahamu, uifunge pamoja nayo.