Kabla Hujamleta Mbwa Nyumbani: Habari ya Chitane



Ndugu zetu katika Imani, kijana mmoja wa madrasa hapa Nchelenge aliokota mtoto wa mbwa ufukweni Kashikishi, pale penye mitumbwi, akamficha siku mbili nyuma ya jiko. Mama yake alipomgundua alisema neno moja tu: haramu! Kijana akatujia na machozi. Tulimwambia akae kwanza, tukamsimulia habari ya mbwa mmoja aliyepita katika nchi hii zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Jina lake Chitane. Alikuwa mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujikunja, mali ya David Livingstone, yule msafiri wa Kiskoti. Alikuwa hodari kuliko umbo lake. Msafara ukitembea alikimbia mbele kumtazama mtu wa kwanza, kisha akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asichelewe, na kibanda alicholala bwana wake mbwa wa kijiji hakukisogelea. Tarehe 15 Januari 1867 msafara ule ulivuka kinamasi cha Chimbwe, kaskazini mwa Zambia ya leo. Upana wake ulikuwa kama maili moja, maji ya kiunoni. Livingstone alitangulia kuingia, kila mtu akashika mzigo wake, na katika vurugu ile mbwa akasahauliwa. Chitane akaogelea kuwafuata hadi nguvu zikamwisha, akazama. Siku tano baadaye watu wawili walitoroka na sanduku la dawa, na vitabu vingi vya historia hukumbuka sanduku zaidi kuliko mbwa.

Angalieni jambo moja hapo. Hakuna katika msafara ule aliyemtakia mbwa mabaya, na bwana wake alimpenda na kumsikitikia. Lakini hakuna aliyepewa kazi ya kumbeba.

Mwaka uleule Livingstone alikutana na wafanyabiashara Waislamu wa pwani, akiwemo Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Walikuja kutafuta pembe za ndovu na, tuseme ukweli, watumwa pia. Alifuatana nao sehemu ya njia, na tarehe 8 Novemba 1867 akaliona ziwa letu la Mweru. Kwa Mwata Kazembe, kusini mwa hapa, alimkuta Muhammad bin Saleh, Mwislamu aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Basi swali la Mwislamu na mbwa si geni kwenye njia hizi.

Na jibu lake si lile neno moja la mama. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani, mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wao wanaona mwili wake ni tohara. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayefuga mbwa bila haja ya kuwinda, kulinda mifugo au shamba, hupungukiwa thawabu kila siku, na wanazuoni wengi wameilinganisha na haja hiyo haja ya kulinda nyumba. Lakini Surat al-Maida, aya ya 4, inaruhusu windo la mbwa aliyefunzwa, na katika Surat al-Kahf mbwa yupo mlangoni mwa pango pamoja na wale vijana wema. Tena tumepokea habari ya mwenye dhambi aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ukiyaweka pamoja utaona kuwa mbwa wetu ana kazi, ana mahali pake, na ana haki juu yako.

Haki mojawapo ni chanjo, nayo ni haki ya jirani pia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na watoto ndio huumwa sana. Tazameni Pemba, kisiwa cha Waislamu. Chanjo za mbwa zilianza kwa mpango mwaka 2010, ugonjwa ukatoweka 2014, ukarudi 2016, ukaondolewa tena 2018. Mbwa wale wangeachwa kwa sababu tu ni najisi, ugonjwa usingeondoka. (Na akikuuma mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.)

Tulipomaliza tulimuuliza kijana: mbwa huyu atalinda nini? Akasema vichanja vya chisense vya mama, kwa kuwa usiku huibiwa. Sawa, hiyo ni haja. Atalala wapi, mbali na mikeka ya sala? Chombo chake kitakuwa kipi? Akifika miezi mitatu, nani atampeleka kwa afisa mifugo? Haya aliyajibu, mengine kwa kubahatisha.

Kisha tukamkumbusha kwamba kila Desemba, uvuvi unapofungwa hadi mwisho wa Februari, familia yao hupanda mtumbwi kwenda kwa bibi kisiwani Kilwa. Mtumbwi ule hujaa magunia, masufuria na wadogo zake wanne. Nani atambeba mbwa?

Hapo alinyamaza. Juzi amerudi kutuambia kwamba mama amekubali banda lijengwe nje, karibu na vichanja, na kwamba mwenye mtumbwi anataka nauli ya mbwa. Ameanza kuokota chupa za kuuza.