Mizani ya Uzuri

Kila taifa lina mizani ya kupimia uzuri wa mwanamke, na mizani hiyo haishuki mbinguni, bali hutengenezwa na watu. Katika historia yetu twaona ya kwamba imepita katika mikono mingi.

Hapo kale mizani ilishikwa na watu wa karibu. Kwa Wazaramo, mwali aliyevunja ungo aliwekwa ndani miezi mingi bila kuona jua, akalishwa na kufundwa, hata siku ya kutolewa nje mwili umenawiri na ngozi imetakata. Basi tusidai ya kwamba wazee wetu hawakuufinyanga mwili wa mwanamke. Waliufinyanga sana; lakini kungwi alimjua mwali kwa jina, na uzuri ule ulifungamana na mafunzo ya utu uzima.

Magazeti na sinema vilileta mwalimu asiyemjua mwanafunzi wake. Picha ya mtu wa mbali ilionyesha nywele ziweje na ngozi iweje, na dawa ya kuzipata ikauzwa dukani. Wigi, vimini na dawa za kuchubua ngozi vikaenea mijini. Mwaka 1967 Theresa Shayo akawa Miss Tanzania wa kwanza.

Serikali, iliyokuwa imeunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, haikuweza kunyamaza. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: tangu Januari 1, 1969, vimini, wigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana vipigwe marufuku Dar es Salaam. Nia ilikuwa kulinda heshima ya taifa. Lakini hata kabla ya siku hiyo, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake huko Kariakoo. Na miaka hiyo hiyo Wamasai walihimizwa kuacha lubega na kuvaa suruali. Msichana wa mjini alilaumiwa kwa kuiga ugeni, naye Mmasai alilaumiwa kwa kushika asili yake.

Mashindano ya urembo yalisimamishwa mwaka 1968, yakarudi mwaka 1994, mwaka ule ule televisheni ilipoanza Tanzania Bara. Mkorogo nao haukukoma. Amri ilikuwa imefunga mlango, haikumfundisha binti kuipenda ngozi yake. Mwaka 2007 Flaviana Matata alitwaa taji la Miss Universe Tanzania akiwa amenyoa kichwa, na wengi wakatambua ya kwamba mizani yaweza kugeuzwa. Ila mwenye kupimwa alikuwa bado mwanamke.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatuna budi, sisi wazazi, walimu na waandishi, kuwafundisha mabinti kuuliza ni nani anayewapima, na anauza nini. Na kabla ya kutoa amri nyingine juu ya miili yao, yatupasa tuwasikilize wao kwanza.