Mahindi na maharagwe, kilimo cha pamoja

Ni kupanda nafaka na mazao ya jamii ya kunde katika shamba moja. Huko Kiptere, kaunti ya Kericho, ni mahindi na maharagwe. Kwenye ukame wa Kitui na Makueni, mtama na kunde au mbaazi. Ng'oa mharagwe unapochanua, upasue kwa ukucha vifundo vya mizizini: wekundu ndani yake ni dalili kwamba bakteria wa rizobia wanageuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Vikiwa vyeupe, kazi haijaanza. Udongo wa nchi ya chai, kama Kericho, una asidi, na fosforasi hunaswa humo. Bila chokaa na samadi vifundo hudumaa. Kuchoma mabua na maganda baada ya mavuno ni hasara ya kusikitisha, kwani mharagwe huacha naitrojeni kidogo tu, na hata hiyo hupotea kwa moto. Mbaazi, inayopukutisha majani mengi, huacha zaidi.