Matairi ya gari la spoti: Jinsi ya kuyachagua kwa mvua na theluji

MWENYE gari la spoti hulisifu kwa nguvu za injini. Mvua inaponyesha, hata hivyo, kinacholizuia gari hilo kuacha barabara ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa matairi ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la sura ya gari au bei.

Matairi hugawanywa katika makundi matatu makuu: ya kiangazi, ya majira ya baridi na ya misimu yote. Tofauti kubwa baina yao ni aina ya mpira uliotumiwa.

Mpira wa tairi la kiangazi, ambalo ndilo huwekwa katika magari mengi ya kasi, huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Ukikakamaa hauishiki barabara vyema, hata kama haina theluji.

Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki mwororo kwenye baridi kali, na uso wake huchanjwa mikato mingi myembamba inayoshika theluji. Tairi linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina hiyo lilitengenezwa nchini Ufini mwaka wa 1934 kwa ajili ya malori, na kampuni ambayo leo inaitwa Nokian Tyres.

Kwenye mvua, hatari kuu ni gari kuelea juu ya maji. Mifereji ya tairi inaposhindwa kuyatoa maji kwa wepesi unaohitajika, maji hujipenyeza kati ya mpira na lami, na usukani na breki hukosa kazi.

Watafiti wa shirika la NASA la Marekani, Walter Horne na Robert Dreher, walieleza mwaka wa 1963 kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea hutegemea sana upepo uliojazwa ndani yake. Kwa kanuni yao, tairi lenye upepo wa pauni 32 kwa kila inchi mraba huelea gari linapofikia kilomita 94 hivi kwa saa, endapo limekwisha meno au maji yamezidi kina cha mifereji yake. Upepo ukishuka hadi pauni 24, kasi hiyo hupungua hadi kilomita 82 hivi.

Hapa ndipo gari la spoti huwa na udhaifu wake. Matairi yake ni mapana, na tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando. Upana unaolipa gari mshiko mzuri kwenye lami kavu huweza kulisaliti kwenye dimbwi.

Anayenunua matairi kwa ajili ya mvua anashauriwa kutafuta yenye mifereji mikubwa inayozunguka tairi zima. Matairi yaliyoundwa kwa ajili ya viwanja vya mashindano, ambayo yana mifereji michache na isiyo na kina, hayafai kwa masika.

Ubavu wa tairi pia husema mengi. Katika mfumo wa Marekani, uwezo wa tairi kufunga breki kwenye maji huonyeshwa kwa herufi AA, A, B au C, AA ikiwa ndiyo bora. Matairi yanayouzwa katika Muungano wa Ulaya hubandikwa kibandiko ambacho tangu Mei 2021 hupanga mshiko kwenye maji kutoka A hadi E.

Sheria za Muungano huo zinataka mifereji ya tairi la gari dogo iwe na kina cha angalau milimita 1.6. Hicho ni kiwango cha chini mno kwa mvua kubwa, na wataalamu wengi hupendekeza tairi la kiangazi libadilishwe likifika milimita 3. Kwa theluji, Austria huhitaji milimita 4.

Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka wa 2010 inamlazimu dereva kuwa na matairi yanayofaa barabara inapokuwa na barafu au theluji. Tangu Oktoba 2024, herufi M+S pekee hazitoshi. Sharti tairi liwe na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ishara kwamba limejaribiwa na kufaulu.

Wamiliki wa magari ya kasi katika nchi hizo huweka seti mbili, na ile ya baridi mara nyingi huwa na matairi membamba kidogo. Tairi jembamba hukandamiza theluji kwa nguvu zaidi na hukata maji kwa urahisi.

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne nalo halina kinga. Mfumo huo husaidia gari kuondoka, lakini hauongezi uwezo wa kusimama.

Vivyo hivyo kwa teknolojia. Porsche 911 ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka wa 2019 ina vihisio vinavyosikia maji yakirushwa na magurudumu ya mbele na kumwonya dereva, lakini havibadilishi hali ya matairi yaliyomo.

Suala hili linawahusu Wakenya pia. Magari mengi yaliyotumika hununuliwa Japani, ambako maeneo ya kaskazini hupata theluji nyingi, na baadhi yanaweza kufika Mombasa yakiwa na matairi ya baridi.

Mpira huo mwororo huisha haraka kwenye lami yenye joto, na gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kwenye maji. Isitoshe, matairi mengi ya aina hiyo yana herufi Q, maana yake hayapaswi kuzidi kilomita 160 kwa saa. Tairi la gari la spoti kwa kawaida huwa na V kwa kilomita 240, W kwa 270 au Y kwa 300.

Mnunuzi aangalie pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka wa 2019, na mpira hukauka hata usipotumika.

Matairi yote manne yawe ya aina moja. Pale ambapo mawili tu yanabadilishwa na vipimo ni sawa mbele na nyuma, yenye meno zaidi yafungwe nyuma, kwani gari likiteleza kwa nyuma humshinda dereva wengi kulirudisha. Upepo nao upimwe angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya matairi kupata joto.