Barua Kutoka Darini

Kwa karibu miaka saba Harriet Jacobs aliishi darini, juu ya kibanda cha bibi yake mjini Edenton, North Carolina. Aliingia humo mwaka 1835 kumkwepa daktari James Norcom, aliyemtaka kimapenzi na ambaye familia yake ilimmiliki kama mtumwa. Kusimama wima hakuweza. Kuandika aliweza.

Alipata kipande cha gazeti la New York, akachota humo jina la mtaa, kisha akamwandikia Norcom barua kana kwamba amekwisha kufika kaskazini. Baharia mwaminifu akaenda kuiposti hukohuko New York. Daktari alipokuja kumsomea bibi barua ya mjukuu wake, Jacobs alikuwa amejibanza karibu, akisikia maneno ambayo hakuyaandika: Norcom alikuwa ameghushi barua ya kwake, yenye kuomba msamaha na kutaka kurudi. Walikutana wajanja wawili, ila ni mmoja tu aliyejua mwenzake yuko wapi.

Mwaka 1853, akiwa ameshakombolewa, alituma barua New York Tribune bila kutaja jina lake. Julia Tyler, mke wa rais wa zamani, alikuwa ametetea utumwa akiwajibu mabibi wa Uingereza. Jacobs akamjibu. Hayo ndiyo maandishi yake ya kwanza kuchapishwa. Kitabu chake kilitoka miaka minane baadaye.

Si ajabu kwamba alianzia kwenye barua. Kabla yake, mshairi mtumwa Phillis Wheatley alipochapisha mashairi yake London mwaka 1773, wanaume 18 wa Boston walitia saini kuthibitisha kuwa kweli mwanamke Mwafrika ndiye aliyeyatunga. Mwaka uliofuata alimwandikia mchungaji Samson Occom wa kabila la Mohegan, akiwashangaa wanaolilia uhuru huku wakiwashika wenzao utumwani. Magazeti yaliichapa barua hiyo. Safari hii hakuhitaji mashahidi, na waliolengwa hasa walijijua.

Mbinu hiyohiyo, ya kumwandikia mmoja ili wengi wasikie, aliishika mshairi Mmarekani Mweusi Audre Lorde mwaka 1979. Alimwandikia mwanafalsafa Mzungu Mary Daly, akimuuliza kwa nini kitabu chake kiliwaacha miungu wa kike wa Afrika, na wanawake wa bara hilo kikawaonyesha kama wahanga tu. Miezi ikapita, Lorde akaigeuza kuwa barua ya wazi, akieleza kuwa hakujibiwa. Baada ya kifo cha Lorde, jibu la Daly, la Septemba mwaka huohuo, lilikutwa katika nyaraka za Lorde mwenyewe.