Glenda Jackson: malkia, mbunge, kisha mfalme

Aprili 1971 jina la mwigizaji Glenda Jackson lilitajwa huko Los Angeles: mshindi wa Oscar kwa filamu ya Women in Love. Mwenyewe hakuwepo ukumbini. Mwaka 1974 akaipata ya pili, na safari hiyo pia kiti chake kilikuwa kitupu. Sanamu zilikaa kwa mama yake, ambaye, kwa masimulizi ya Glenda, alizisugua mpaka rangi ya dhahabu ikatoka.

Mama huyo aliwahi kuwa mfanya usafi, na mumewe alikuwa mwashi. Glenda alizaliwa Birkenhead, ng'ambo ya mto ukitokea Liverpool, tarehe 9 Mei 1936. Aliuza katika duka la dawa kwa miaka miwili kabla ya kupata nafasi katika chuo cha uigizaji cha RADA, London. Riziki ya jukwaani ilimchelewea. Mwongozaji Peter Brook ndiye aliyemtoa, mwaka 1964, kwa tamthilia ya Marat/Sade.

Nikiulizwa kazi yake kubwa kuliko zote, nitataja Elizabeth R ya BBC, 1971. Katika sehemu sita anamcheza Malkia Elizabeth wa Kwanza tangu usichana hadi uzeeni, na alikubali kunyolewa nywele za mbele ili paji la uso lifanane na la malkia. Uso ule hauombi kupendwa. Unakutazama tu, nawe unajikuta umekaa sawasawa.

Kisha akaondoka. Mwaka 1992 aligombea ubunge London kwa tiketi ya chama cha Labour, akashinda, na kwa miaka 23 hakuigiza. Alikuwa naibu waziri wa uchukuzi, baadaye akawa mwiba kwa chama chake mwenyewe kuhusu vita vya Iraq. Katika uchaguzi wa 2010 alinusurika kwa kura 42. Arubaini na mbili!

Alistaafu ubunge 2015. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 80, alipanda jukwaa la Old Vic kama Mfalme Lear, mzee anayegawa ufalme wake na kupoteza akili. Mwaka 2018 akatwaa tuzo ya Tony, Broadway.

Filamu yake ya mwisho, The Great Escaper, aliicheza na Michael Caine, mwenzake wa filamu tangu 1975. Iliingia kwenye majumba ya sinema Oktoba 2023. Glenda alikuwa amefariki tarehe 15 Juni.