Tuta na Daraja

Kabla ya daraja la sasa, ukitoka Mbita kwenda Rusinga ulipita juu ya tuta. Miaka ya 1980, ule mkondo mwembamba wa Ziwa Victoria kati ya bara na kisiwa ulijazwa mawe na udongo, na gari likavuka. Kazi rahisi. Lakini maji nayo yalikuwa na njia yao hapo. Yakatuama, uchafu ukajaa, na mvuvi aliyetaka kufika upande wa pili akalazimika kuzunguka kisiwa kizima. Ilibidi tungoje hadi miaka ya 2010 ndipo daraja lijengwe na maji yapite tena.

Nyumbani kwa kina mama yangu ni Rusinga, kwa hivyo tuta hilo nililivuka sana utotoni. Sikujua kwamba siku moja ningejenga langu, ndani ya simu ya shangazi.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili wa masomo ya kompyuta, karo imekwama. Waya, maana ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi, anauza omena Sori, kaunti ya Migori. Wateja wengi humlipa kwa M-Pesa. Akaniomba programu ya kumjumlishia mauzo. Nikaandika kitu chepesi: soma kila ujumbe wa M-Pesa, tafuta "Ksh", chukua nambari inayofuata, jumlisha. Mistari 30 hivi. Nikajiona fundi kweli kweli.

Na nilikuwa na historia ya kujitetea nayo. M-Pesa yenyewe haikuanza ikiwa rahisi. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio pamoja na Faulu Kenya ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja hawakufika 500, na bado hesabu za vikundi vya mikopo zilisumbua kulinganisha na za mfumo. Watu wenyewe, kumbe, walikuwa wakitumiana pesa tu. Ilipozinduliwa Machi 2007, mambo ya mikopo yalikuwa yameondolewa. Ikabaki weka, tuma, toa, nunua kredo. Hata nyanya aliye kijijini alielewa.

Kwa waandishi wa programu, wepesi ulichelewa. Kwa miaka, aliyetaka kuunganisha biashara yake na M-Pesa alipitia SOAP. Herufi ya kwanza ya jina hilo ilimaanisha "rahisi", usicheke. SOAP ilianza 1998 ikihusishwa na Microsoft, na toleo la 1.2 lilipotoka 2003, walioisimamia walisema jina si kifupisho tena. Ujumbe wake ni bahasha, ndani ya bahasha kuna kichwa na mwili, na kila neno limefungwa kwa lebo za XML mbele na nyuma. Mwaka 2017 Safaricom ikazindua Daraja, inayotumia JSON, muundo aliousambaza Douglas Crockford mwanzoni mwa miaka ya 2000: jina, thamani yake, mabano, basi. Sasa hata kijana wa Migori mwenye laptopu na bando angeweza kujaribu mwenyewe.

Kwa hivyo nilijua niko upande gani. Vitu vizito ni vya wazee, vyepesi ni vyetu.

Halafu jioni moja Waya akanipigia. "Nyathina, hii simu inasema nina pesa ambazo sina."

Alikuwa ametoa Ksh 8,000 kwa wakala ili alipe wavuvi. Ujumbe wa kutoa pia una "Ksh". Programu yangu iliona nambari, ikaijumlisha kama mauzo. Ilikuwa imefanya hivyo wiki mbili, kila akitoa. Naye, kwa kuiamini ile jumla, alikuwa amekopesha wateja omena kuliko alivyoweza kumudu. Kesho yake wavuvi walikuwa wanamdai na mfuko ni mtupu.

Ujumbe wa M-Pesa haukuwa na kosa. Ni mfupi, lakini una kila kitu: msimbo usiojirudia, pesa zimeingia au zimetoka, nani, lini, salio ngapi. Waliopunguza mwaka 2007 waliondoa mikopo, hawakuondoa tofauti ya kuingia na kutoka. Hata ile SOAP niliyoicheka chuoni huja na waraka unaotaja mapema kila kinachoruhusiwa kupita, ili mashine ikatae kosa kabla halijafika kwa mtu. Mimi nilitupa vyote. Ugumu haukuisha, niliutoa kwenye mistari yangu 30 nikamtwika Waya.

Nilienda Sori kuomba msamaha. Alikuwa amerudia daftari lake la zamani, lile la kurasa 48. Nilikuwa sijawahi kulifungua. Kila ukurasa una mistari mitatu ya wima iliyochorwa kwa rula: zilizoingia, zilizotoka, deni.

Nikamwomba anisomee ukurasa mmoja polepole, nami nikatoa kalamu.